Malisho Yapumzike Siku Ngapi?

Msomaji wa Muheza ametuandikia swali nililolipenda tangu mstari wa kwanza. Ana ng'ombe wachache wa maziwa. Afisa mifugo wa kata amemshauri agawe eneo lake vipande vipande, ahamishe ndama kila baada ya siku tatu au nne, na asiwarudishe mahali palepale mpaka mwezi upite. Kwa njia hiyo, aliambiwa, atapunguza minyoo bila kununua dawa kila mara. Akampigia simu shemeji yake anayefuga Njombe ili ampe habari njema. Shemeji akamkatalia katakata: yeye kaambiwa kwamba malisho yakishachafuka, mwezi mmoja si kitu, na hata miezi mitatu huenda isitoshe. "Sasa kati yetu," anauliza msomaji, "nani kadanganywa?"

Hakuna aliyedanganywa. Wote wawili wamepewa ushauri mzuri, tena ushauri unaotoka kwenye hesabu moja. Hesabu hiyo inategemea kiumbe mwenye urefu wa kama robo tatu ya milimita, anayekaa kwenye majani akisubiri kuliwa, na ambaye kwa maoni yangu ni mmoja wa viumbe waliotengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko wote wanaoishi shambani.

Dalili za minyoo naziruka, kwa kuwa mfugaji anazijua kuliko mimi: ndama aliyekonda mgongo huku tumbo limetoka, manyoya yaliyosimama, kuharisha, na mambo yakizidi uvimbe laini chini ya taya. Majina nayo nitayapitia haraka. Katika tumbo la nne la ng'ombe anakaa Haemonchus, mfyonza damu anayependa joto, na katika sehemu za baridi Ostertagia. Utumbo mwembamba una Cooperia, utumbo mpana una Oesophagostomum. Haemonchus jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na yote hutoka na kinyesi. Ndiyo maana dawa peke yake humchosha mfugaji. Inawaua waliomo tumboni leo, lakini sehemu kubwa ya ukoo huo haimo tumboni. Imo nje, kwenye kinyesi na kwenye majani, inangoja ndama aliyenyweshwa dawa jana arudi kula.

Yai likiangukia mahali penye joto na unyevu huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Anatoka lava mdogo anayekula bakteria wa kwenye kinyesi. Ananenepa, anajivua gamba, anakuwa lava wa pili, naye anakula bakteria kwa bidii ileile. Kisha inafika zamu ya kujivua gamba mara nyingine ili awe lava wa tatu, na hapa ndipo linapotokea jambo ambalo sichoki kulisimulia. Havui. Gamba jipya linaota ndani, lile la zamani linaachana na mwili, lakini linabaki limemzunguka kichwa hadi mkia kama lilivyo, bila tundu. Tangu siku hiyo lava yumo ndani ya mfuko wa ngozi yake ya zamani. Anaweza kujinyonganyonga, kutambaa, kupanda jani. Hawezi kula, kwa kuwa mdomo wake umebaki upande wa ndani wa mfuko.

Vitabu vya mifugo humwita "lava wa hatua ya tatu", jina la kwenye jedwali. Ninahitaji jina la kutumia katika makala nzima, nimejaribu kadhaa, na nimetua kwenye lava wa mfungo: mdomo umefungwa, na chakula amefunga. Na huyu ndiye pekee anayeambukiza. Ng'ombe akimeza yai, au lava wa kwanza, au wa pili, hakuna linalotokea. Lazima awe wa mfungo.

Mweke chini ya hadubini umtazame. Utaona mwili mwembamba ndani ya ala inayong'aa, na mkia wa ala umechongoka kupita mkia wake mwenyewe. Katikati ya mwili kuna utumbo, na kwa Haemonchus utumbo huo umejengwa kwa seli 16 tu, ambazo mtu mwenye subira anaweza kuzihesabu. Kwa lava aliyeingia mfungo juzi, seli hizo ni nyeusi, zimesheheni chembechembe za mafuta. Kwa lava wa zamani zimepauka, mwanga unapita. Mafuta yaliyokuwemo ni yale aliyojiwekea alipokuwa anakula bakteria, na ndiyo mali yake yote. Hataongeza hata tone mpaka aingie ndani ya ng'ombe.

Fikiria taa ya chemli. Fundi amejaza mafuta kwenye tangi, kisha akapiga lehemu kwenye kifuniko ili yasijazwe tena. Kioo kimewekwa, utambi umewashwa, taa imetundikwa shambani. Kioo ndicho lile gamba la zamani: upepo hauizimi taa, lakini nawe huwezi kuingiza kitu. Na kile kigurudumu cha pembeni cha kupandisha na kushusha utambi hakishikwi na mkono wa mtu; kinazungushwa na joto la siku. Muheza, mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea na joto liko nyuzi 26 au 27 kwa wastani, utambi umepandishwa mpaka juu. Taa inawaka kwa nguvu, lava anahangaika, anapanda jani, anashuka, anapanda tena, na kila safari ina gharama yake kwenye tangi. Baada ya wiki nne, tano, sita, nyingi ya taa hizo zimezimika zenyewe. Hakuna aliyezizima, mafuta yameisha. Ipeleke chemli hiyohiyo Njombe, takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai watu wanalala na mablanketi mawili. Utambi umeshuka. Usiku mwale ni kama punje. Lava yupo, hatikisiki sana, hatumii kitu, na mafuta yaliyokwisha Muheza kabla ya miezi miwili kutimia yanamchukua Njombe miezi kadhaa. Ng'ombe akipita, kioo kinatolewa, tangi linajazwa upya, na taa inaanza maisha mengine.

Hapo jibu la shemeji wawili limeshapatikana, lakini bado sijamaliza na kioo.

Mwaka 1968 Charles Ellenby, mtafiti wa Newcastle huko Uingereza, alichapisha kazi juu ya namna lava wa Haemonchus anavyovumilia kukauka. Aligundua kwamba siri iko kwenye gamba la nje. Hewa ikikauka, gamba hilo ndilo linalotangulia kukauka, na likishakauka linapitisha maji kwa shida. Kwa hiyo lava wa ndani anapoteza maji yake polepole, na polepole hiyo ndiyo inayomwokoa. Akichukuliwa lava aliyevuliwa gamba akaanikwa pamoja na mwenzake mwenye gamba, wa kwanza anakufa, wa pili akirudishiwa maji anaamka. Ngozi ambayo mwili umeshaikataa inafanya kazi hiyo ikiwa imekufa.

Na gamba hilo linatokaje? Hapo tuna deni kwa Waaustralia wawili, W. P. Rogers na R. I. Sommerville, walioshughulika na swali hili katika miaka ya 1950 na 1960. Lava akimezwa anafika kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe, mahali penye giza, joto la nyuzi 39 hivi, na gesi tele ya kaboni dayoksaidi inayotokana na majani yanayochachuka. Gesi hiyo ikiyeyuka kwenye majimaji yanayomzunguka, lava anapata habari kwamba amefika. Anatoa ute wake mwenyewe ndani ya ala. Ute huo unayeyusha gamba mahali pamoja tu, mviringo mwembamba nyuma kidogo ya kichwa, mpaka ncha ya ala inafunguka kama kizibo, naye anajinyonga na kutoka. Kinachonifurahisha zaidi ni mpangilio wa vyumba. Minyoo wanaokwenda kuishi tumbo la nne huvua gamba kwenye tumbo la kwanza; baadhi ya wale wa utumbo mwembamba hungoja mpaka waonje tindikali ya tumbo la nne. Kila mmoja anavua katika chumba kinachotangulia kile atakachoishi, ili aingie nyumbani akiwa tayari kula.

Turudi shambani. Mfugaji wa Muheza ana mambo mawili ya kukimbizana nayo, na yote yamo kwenye simulizi hili. La kwanza ni muda wa yai kuwa lava wa mfungo. Kwenye joto la pwani na mvua, siku nne hadi saba zinatosha. Ndama akikaa kipande kimoja wiki mbili, wiki ya pili anakula lava aliowapanda mwenyewe wiki ya kwanza. Ndiyo sababu anaambiwa siku tatu au nne: aondoke kabla mazao yake hayajakomaa. La pili ni muda wa mafuta kwisha, na ndiyo sababu asirudi kabla ya mwezi.

Hesabu hii ilijaribiwa Tonga, visiwani katika Bahari ya Pasifiki, mahali penye joto na mvua kama pwani yetu. I. A. Barger na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1994. Waligawa malisho vipande kumi, wanyama wakakaa kila kipande siku tatu na nusu, kwa hiyo kila kipande kilipumzika siku 31 na nusu kabla ya kurudiwa. Wenzao waliachwa kwenye eneo moja muda wote. Waliokuwa kwenye mzunguko walikuwa na mayai chini ya nusu ya wale wengine kwenye kinyesi, na walihitaji dawa mara chache zaidi. Walikuwa mbuzi, si ng'ombe, lakini lava wanaohusika ni wa ukoo uleule na wanaishi kwa mafuta yaleyale. Na majani ya siku 31 bado ni chakula kizuri, hayajawa makumbi. Bahati hiyo, ya majani kuwa tayari wakati uleule lava wanapoisha, ni ya nchi zenye joto na unyevu pamoja. Mfugaji wa Tanga anayo bila kuiomba, na sioni sababu ya kutoitumia.

Njombe haina bahati hiyo. Huko mapumziko ya mwezi mmoja ni karibu na ubaya wenyewe: majani yameota vizuri, yanavutia, na lava wa mfungo ndiyo kwanza wamekamilika, maana kwenye baridi hata kukua kwao huchukua wiki mbili au zaidi. Mayai ya Haemonchus yakipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 hayakui kabisa, ila Ostertagia hajali sana. Swali hili si geni Afrika Mashariki. J. A. Dinnik na N. N. Dinnik, wakifanya kazi Muguga, nje ya Nairobi, kwenye mita zaidi ya 2,000, walichapisha mwaka 1958 uchunguzi wao juu ya ukuaji wa lava wa Haemonchus katika nyanda za juu za Kenya, na mwaka 1961 mwingine juu ya muda wanaodumu kwenye majani. Ningependa kila chuo cha mifugo katika nyanda za juu kiwe na nakala ya kazi hizo mbili, kwa kuwa zilifanyika kwenye baridi yetu wenyewe na si ya Ulaya.

Kwa nini basi mfugaji wa Njombe asipumzishe miezi mitatu au minne tu? Kwa sababu majani yatakomaa na kuwa magumu, na ardhi haimtoshi. Badala ya kungoja, atafute mahali ambapo ng'ombe hawajakanyaga. Shamba la mahindi baada ya mavuno ni mahali hapo: tangu kulimwa hakuna kinyesi kibichi kilichodondoka, na mabua pamoja na magugu yake ni chakula safi kwa ndama. Eneo lililokatwa nyasi za kukausha nalo linafaa. Mahali palipochafuka pachungiwe ng'ombe wakubwa, ambao miili yao imeshajifunza kupambana na minyoo. Wanameza lava wengi na kutoa mayai machache, kwa hiyo wanasafisha. Kondoo pia wanasaidia, kwa kuwa minyoo wengi wa ng'ombe hawastawi ndani ya kondoo, ingawa Haemonchus na Trichostrongylus axei huvuka kidogo.

Jambo jingine ni urefu wa majani. Lava hutambaa ndani ya utando wa maji, umande au mvua, na hana nguvu za kufika mbali. Wengi hawavuki mita moja kutoka kwenye kinyesi walimozaliwa, na walio wengi hukaa kwenye sentimita tano za chini za jani. Ng'ombe mwenyewe anajua: mwangalie akichunga kwenye malisho ya kutosha, anaruka yale majani marefu ya kijani kibichi yaliyozunguka mavi ya zamani, hata yakionekana matamu. Anayala pale tu anapokosa mengine. Mfugaji anayeacha ng'ombe wakwangue mpaka chini anamlazimisha mnyama kula kile ambacho pua yake ilikuwa imekataa. Waondoe majani yakibaki sentimita kumi. Kwa sababu hiyohiyo, majani ya tembo yanayokatwa juu juu na kuletwa bandani yana lava wachache sana, mradi samadi mbichi isiwe imemwagwa juu yake siku za karibuni.

Wa nyanda kavu, Dodoma, Shinyanga, Narok, wataniuliza juu ya kiangazi. Jua kali na ukavu huwamaliza lava walioko kwenye majani, hilo ni kweli, kioo nacho kina kikomo chake. Lakini kinyesi cha ng'ombe kikipigwa na jua hufanya ganda juu, na chini ya ganda hilo unyevu hubaki wiki nyingi. Ndani yake wamo lava wenye mafuta karibu kamili. Mvua ya kwanza inapolainisha ganda wanatoka wote kwa pamoja, wiki zilezile ambazo majani mapya yanachipua na ndama wenye njaa wanafunguliwa zizini. Wakati huohuo, minyoo waliokuwa wamelala tumboni kiangazi kizima bila kukua wanaamka na kuanza kutaga. Wiki tatu nne za mwanzo wa mvua ndizo za kuwaangalia ndama kwa macho mawili.

Nikiitazama ngitili ya Wasukuma kwa hesabu hii, naona ina faida ambayo haisemwi sana. Eneo hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, ili kubaki na majani wakati wa ukame. Maana yake ni kwamba katika miezi yote ya unyevu hakuna kinyesi kinachodondoka humo, na mifugo inapoingia, yai linakuta ukavu. Olopololi ya Wamasai, sehemu inayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa, inanipa mashaka kidogo, kwa kuwa wanaorudishwa mahali palepale mwaka hadi mwaka ni wale wasio na kinga. Kuhamisha mipaka yake kila mwaka kungesaidia.

Na dawa? Zitumike, ila kwa kiasi. Katika miaka ya 1960 J. F. Michel wa Weybridge, Uingereza, alionyesha kwamba ndama wakinyweshwa dawa katikati ya Julai na siku hiyohiyo kuhamishiwa malisho safi, msimu mzima unapita salama. Ni mbinu nzuri sana, na wengi wetu bado tunaifundisha. Kasoro yake ilikuja kueleweka baadaye: minyoo wachache walioponea dawa ndio wanaokwenda kupanda malisho mapya, peke yao, bila kuchanganyika na wanyonge. Thiabendazoli iliingia sokoni mwaka 1961, na kufikia 1964 tayari minyoo sugu ya kondoo ilikuwa imeripotiwa Marekani. Mwaka 2001 Jan van Wyk wa Afrika Kusini aliwakumbusha wenzake kwamba minyoo ambayo haijaguswa na dawa ndiyo inayotuchelewesha kufika huko kwenye usugu. Kwa hiyo usinyweshe kundi zima. Nywesha ndama na waliodhoofu, waache wakubwa wenye afya, na usiwahamishe siku hiyohiyo. Kupe na minyoo bapa wa ini wana taratibu zao. Ratiba hii si yao.

Msomaji wa Muheza aliongeza swali la mwisho: eneo lake halifikii vipande kumi. Hata sita vinafaa, kama ndama watatangulia kila kipande wakiwa peke yao na ng'ombe wakubwa kufuata nyuma yao, kisha siku zinazopungua ndama wazimalizie bandani kwa majani ya kukata. Aanze na masika haya. Miezi miwili baada ya kuanza apime. Achukue kinyesi kutoka kwa ndama watano au sita, moja kwa moja kutoka mkunduni, si cha chini, akifunge kwenye mfuko bila hewa, akiweke kwenye barafu, na akifikishe maabara siku hiyohiyo. Mpimaji anahesabu mayai. Kinyesi kikizunguka kwenye pikipiki na joto la Tanga mpaka kesho yake, mayai yatakuwa yameshaanguliwa, na karatasi ya majibu itaonyesha kwamba ndama hawana minyoo.